Kibwebwe cha Dume Asiyestahili

Siku ya maonyesho ya mifugo, ofisa kijana mwenye kipaza sauti aliwaelekeza wananchi kwenye banda lililokuwa na kondoo wa namna tatu, akatangaza kwa kujiamini: "Hawa wote ni kondoo wetu wa kienyeji." Watu wakatikisa vichwa kukubali, wakahamia kwenye banda la kuku. Mimi nilibaki pale pale. Nilikuwa nimekwisha kustaafu utumishi wa mifugo, na hakuna sheria inayonilazimisha kumsahihisha mtu, lakini kosa linalotangazwa kwa kipaza sauti cha umma silivumilii.

"Shikamoo, mzee," akaniambia aliponiona nimesimama.

"Marahaba. Huyu mweupe mwenye kichwa cheusi, asiye na pembe, ambaye mafuta yake yamekaa kitakoni na mkia wake ni kipande kidogo tu, asili yake si hapa. Huyu mwekundu ni wa Wamasai, naye anastahimili minyoo kuliko wengi. Na huyu mdogo aliyejibanza pembeni, mwenye mkia mpana unaoanzia nyongani na kujikunja kwenye ncha, ndiye unayeweza kumwita wa hapa kwetu. Umewaita watu wa makabila matatu kwa jina moja."

Alicheka kwa adabu. "Mzee, wananchi hawana muda wa mikia. Wanataka kilo."

Nilirudi nyumbani Mwankoko nikiwa na hasira, na hapakuwa na wa kumsimulia.

Kondoo wa mkia mpana ninao mwenyewe. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake alikuja kutoka Mgori akiswaga kondoo wawili. Mmoja alichinjwa, mafuta ya mkia wake yakayeyushwa na kutiwa kwenye uji wa mzazi, kama walivyozoea kwao. Wa pili alikuwa jike, na mke wangu alikataa katakata achinjwe hata wageni walipozidi. Kutoka kwa jike huyo, mama kwa binti, ndipo walipotoka kondoo wangu wote. Mimi niliwajua kwa alama: rangi ya udongo mwekundu, masikio mafupi kama yaliyopunguzwa kwa mkasi, miguu myembamba isiyochoka kwenye mawe, mkia unaonenepa baada ya mvua na kupungua kiangazi kwa sababu mnyama anakula akiba yake mwenyewe. Mke wangu aliwajua kwa tabia: yupi hupenda kutangulia, yupi hujifanya mgonjwa ili apewe pumba, yupi humsahau mtoto wake malishoni.

Tangu tulipomzika mke wangu, watoto wamerudi kwenye kazi zao, mmoja Dodoma na wengine Dar es Salaam. Wananipigia simu kwa utaratibu mzuri, siwalaumu. Lakini simu ikikatwa, nyumba yote inabaki na redio na mimi. Naeleza haya ili ieleweke kwamba sikuwa mzee anayejifurahisha na mifugo. Nilikuwa nalinda kizazi ambacho mke wangu alikikuta kwa mama yake na kukiacha mikononi mwangu.

Mtaani kwetu hatuchungi kila mtu kivyake. Kondoo na mbuzi wa nyumba kadhaa hukusanywa asubuhi kuwa kundi moja, na kila nyumba huchunga kwa zamu. Ni utaratibu mzuri, na kwa mgane kama mimi ulikuwa zaidi ya utaratibu. Asubuhi mtu anapita mlangoni anaita, jioni mwingine anarudisha mifugo na kueleza nani alichechemea na nani aliingia kwenye alizeti za watu. Zamu yangu ilipofika, majirani walinisindikiza kidogo wakinitania kwamba kondoo leo watachungwa kiserikali.

Matatizo yalianza pale jirani yangu, dereva mstaafu, mtu mcheshi ambaye ni mdogo kwangu, alipoleta dume jipya.

"Bwana Mifugo!" aliniita kutoka ng'ambo ya ua. "Njoo umwone beberu wangu!"

"Beberu ni wa mbuzi," nikamjibu. "Kama umeleta kondoo, huyo ni dume."

"Haya, njoo umwone dume. Ana mapaja kama ya mwenyekiti wa mtaa."

Nilikwenda. Alikuwa kondoo wa kigeni wa aina ya Dopa: mwili mweupe wa mraba, kichwa cheusi hadi shingoni, kifua kipana, mkia mwembamba usio na akiba yoyote. Ni mbari nzuri, hilo sikatai, na nililisema siku ile ile mbele ya mashahidi. Hukua haraka na hutoa nyama nyingi akipata malisho na matunzo. Lakini nikamweleza jirani yangu kwamba dume huyo akiingia kwenye kundi la pamoja, majike wangu nao watapata mimba yake.

"Si ndiyo faida?" akasema. "Utapata wana wenye mapaja bila kutoa jasho."

"Sihitaji mapaja. Nahitaji wale niliokuwa nao."

"Bwana Mifugo, wewe ni mtu wa ajabu. Serikali ilikulipa mshahara miaka yote utuhimize tuboreshe mifugo, leo tumeboresha unanuna!"

Watu waliokuwa ukutani wakacheka. Sikucheka. Dume wangu alikuwa amezeeka, meno yake ya mbele yalikuwa yamelegea, na sikuwa nimempata wa kumrithi. Nilikuwa nimekwenda mpaka Mgori kwa shemeji zangu, wakanikaribisha vizuri, wakanipikia, kisha wakanitembeza kwenye mazizi yaliyojaa vichwa vyeusi. Kama majike wangu wangebeba mimba ya Dopa msimu ule, huenda dume wangu asingeufikia msimu mwingine, na kizazi kile kingeishia kwangu.

Tukakubaliana jambo moja la zamani. Wafugaji wanapotaka dume asipande, humfunga kipande cha ngozi chini ya tumbo, kikaning'inia mbele ya sehemu zake za uzazi. Akipanda, ngozi inamzuia. Majirani zangu hukiita kibwebwe. Nilikishona mwenyewe, ngozi laini, kamba mbili za kuzunguka mgongo. Dume mweupe angefungwa asubuhi kabla ya kutoka na kufunguliwa jioni asipate vidonda, na kibwebwe kingehama pamoja na zamu, nyumba hadi nyumba. Dume wangu angekwenda huru. Nililieleza hilo mbele ya wote, polepole, nikiwa nimemshika kila dume kwa zamu yake ili pasiwe na utata.

"Tumeelewa," wakasema. Na walikuwa wameelewa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Muda mfupi baadaye nilikwenda Dodoma kutibiwa macho, nikakaa kwa binti yangu mpaka daktari aliporidhika. Binti yangu ana nyumba safi na watoto wenye heshima, lakini wanatoka asubuhi wote na kurudi wamechoka. Nilishinda sebuleni nimefunga kitambaa machoni, nikisikiliza jokofu likinguruma, nikiwahesabia majike wangu siku zao za kuhitaji dume. Nilipompigia jirani yangu simu alisema, "Kila kitu kinakwenda sawa, Bwana Mifugo. Kibwebwe kinafungwa kila asubuhi." Nilimwamini. Alikuwa anasema kweli.

Nilirudi jioni kundi likiwa linashuka kutoka upande wa mawe. Zamu ilikuwa ya mama mmoja jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwenye maneno mengi na moyo mweupe. Niliona kwanza dume mweupe akitembea katikati ya majike wangu, kifua mbele, hana kitu tumboni. Nyuma kabisa, akiburuta miguu, alikuja dume wangu, na kipande changu cha ngozi kikipigapiga magoti yake.

"Shikamoo, baba! Umerudi? Macho yanaona?"

"Marahaba. Yanaona vizuri sana. Nani amemfunga huyu?"

"Mimi," akasema bila wasiwasi. "Na wenzangu wote."

"Nilisema afungwe yule."

"Ulisema, baba. Siku za kwanza tukafunga hivyo hivyo ulivyosema. Kisha tukaambiana, huyu mzee wetu ana uchungu wa marehemu mkewe, na macho yanamsumbua, hajui anachokataa. Nani anamfunga dume mwenye afya vile akamwachia huyu asiye hata na meno? Kibwebwe ni cha dume asiyestahili. Tukaona tukufanyie wema, ukirudi ukute mimba nzuri."

Nilitaka kusema maneno makali, na ninayo mengi. Badala yake niliinama, nikamfungua dume wangu kibwebwe. Nyumba baada ya nyumba, asubuhi baada ya asubuhi, kila mtu alikuwa ameinama mbele ya dume wangu na kumfunga, akiamini ananisaidia. Hakuna hata mmoja aliyeniibia wala kunidharau. Walinihurumia tu. Na kwa huruma hiyo walikuwa wamemhukumu mnyama wa mke wangu kuwa asiyestahili, bila kuniuliza.

Dereva alikuja kuniomba radhi, kofia mkononi. "Bwana Mifugo, tulikosea. Lakini subiri wazaliwe. Ukiwaona utatusamehe."

"Nimekusikia," nikamwambia. "Kuanzia kesho kondoo wangu nitawachunga mwenyewe."

"Peke yako? Na macho hayo?"

"Peke yangu."

Hakubishana. Nadhani alitegemea hasira yangu ipoe baada ya siku chache. Hakunifahamu vizuri.

Wanakondoo walizaliwa mvua zilipochanganya. Walikuwa wakubwa, weupe, vichwa vyeusi au vyenye mabaka, mikia ya katikati isiyojua iwe mipana au myembamba. Walikuwa wazuri, naandika hivyo kwa haki. Majirani walipita uani kuwaangalia na kusema hongera, nami niliwajibu asante, kila mmoja kwa wakati wake. Walipoachishwa kunyonya niliwagawa kwa majirani wale wale. Mama yule mwenye maneno mengi alimpokea wake akashangaa. "Baba, kweli unatoa?" Nikamwambia ndiyo, ni wenu zaidi kuliko wangu.

Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa kusubiri kuona kama dume wangu atafikia majike wakiwa tayari tena. Nilimtwangia mashudu ya alizeti na kuyalowanisha kwa sababu hakuweza kutafuna. Nilimkatia majani mabichi kando ya bustani za watu, kwa ruhusa. Asubuhi kundi la pamoja lilipokwenda upande wa mawe, mimi niliwaswaga wangu upande wa pili, kwenye vichaka visivyo na nyasi nyingi. Upepo wa kwetu ni mkali na unasema siku nzima, lakini hausemi na mtu. Nilizoea kusikia kwa mbali vicheko vya anayechunga zamu na mwenzake, na kengele ya mbuzi kiongozi. Wakati mwingine nilijikuta nimesimama, nimegeuza uso upande ule, majike wamekwisha kusonga mbele bila mimi.

Sikuwa mtu wa kusema na wanyama. Mke wangu ndiye alikuwa hivyo. Kiangazi kile nilianza kumweleza dume wangu habari zilizosomwa kwenye redio, kisha nikanyamaza ghafla kwa aibu ingawa hapakuwa na mtu wa kunisikia.

Dume alipanda majike wawili tu kwa uhakika. Mwezi uliofuata alilala chini ya ukuta wa zizi na hakuamka. Nilimchimbia shimo mwenyewe, kwa kupumzika mara nyingi. Sikumchinja kabla hajafa wala kumwita mtu ale nyama, jambo ambalo najua lilisemwa vibaya mtaani.

Katika majike hao wawili, mmoja hakushika mimba. Wa pili alijifungua asubuhi moja nikiwa natayarisha chai. Nilitoka nikamkuta amesimama kwenye kona akimlamba mtoto aliyeinuka, akaanguka, akainuka tena. Alikuwa mwekundu wote. Masikio mafupi. Nilimgeuza kwa uangalifu. Dume. Nilipapasa nyonga zake zilizolowa, nikauona mkia: kwenye mzizi mpana kuliko kiganja cha mtoto, ncha yake imejikunja kuelekea kushoto kama ya baba yake. Nilikaa chini kwenye samadi kwa suruali yangu safi.

Kisha nikataka kumwambia mtu. Nilishika simu, nikaona ni saa za kazi, nikairudisha mfukoni. Nikasikia kengele ya mbuzi kiongozi barabarani. Nilikwenda getini nikitembea haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu. Zamu ilikuwa ya dereva.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba. Amezaliwa."

"Nani?"

"Dume. Mwekundu. Mkia ni ule ule."

Akasimama. Uso wake ulifurahi kweli. "Hongera sana! Basi imekwisha, mlete kwenye zamu. Watu wamekukosa, nakwambia kweli. Hakuna wa kutusahihisha siku hizi."

Niliangalia kundi. Dume mweupe alikuwa pale katikati, amenenepa zaidi, na nyuma yake walifuata wale wanakondoo wenye vichwa vya mabaka niliowagawa. Huyu wangu angehitaji mama yake na majike wale waliobaki, bila dume mwingine kati yao, mpaka akue na kuwapanda.

"Wako yupo bado," nikasema.

"Yupo. Unataka nimuuze?"

"Hapana. Ni wako, na ni mzuri."

"Tutamfunga kibwebwe. Safari hii nitasimamia mwenyewe, naapa."

Niliyafikiria maneno hayo kwa haki yote niliyoweza. Nilijua angesimamia kwa moyo wake wote, mpaka siku atakapougua, au atakaposafiri, au mtu mwenye moyo mweupe atakaponionea huruma tena.

"Siwezi," nikamwambia.

Alitaka kusema neno, lakini mbuzi wawili walikuwa wamekwisha kuingia kwenye mtama wa jirani, akakimbia akipiga kelele na kucheka. Kundi likamfuata, vumbi likawafunika. Nilifunga geti, nikasubiri mama na mtoto wapate nguvu, kisha nikawatoa wangu kupitia nyuma, upande ule mwingine.