Msimamizi wa Mtu Aliye Hai

Nilimkuta mama amekaa mlangoni akikitazama kidole gumba chake. Kilikuwa na wino wa bluu hadi kwenye ukucha.

"Shikamoo mama. Kidole kimefanya nini?"

"Marahaba. Nimepiga kura."

"Umempigia nani?"

"Sijui. Kaka yako hakuniambia chama."

Nilicheka, kisha nikakaa chini kando yake. Mwaka huo hapakuwa na uchaguzi. Tangu baba afariki mama alikuwa anasahau. Alisahau kama amekula, na siku nyingine aliniita kwa jina la dada yake. Asubuhi hiyo kaka yangu, anayeishi Mogitu, alikuwa amepita na karatasi ya kuuza shamba la mama la Maretadu, shamba la mahindi na maharage lililotulea sisi wawili. Kaka si mwizi, lazima niseme ukweli. Aliona mama halimi tena na yeye ndiye mtoto wa kiume, akaona inatosha.

Aliyeizuia karatasi ile ni mtendaji wa kijiji. Alikataa kugonga muhuri kwa sababu mama hakusimama mbele yake akasema kwa mdomo wake kwamba anauza. Aliniambia kuwa mzazi akishindwa kuamua mambo yake, mahakama inaweza kumteua mtu wa kusimamia mali yake. Ingetakiwa barua ya daktari na muhtasari wa kikao cha ukoo.

Kikao kilikaa, wengi wakanikubali mimi. Kaka alinuna. Baba mdogo, ambaye ni katibu wa ukoo, akaandika muhtasari. Ana mwandiko mzuri na ameandika mihtasari mingi, yote ya baada ya misiba. Kwetu neno msimamizi tunalijua kwa mirathi tu. Akaandika kama alivyozoea, na mimi niliyeishia darasa la saba nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni bila kuisoma.

Hakimu alikuwa mwanamke aliyehamia kwetu kutoka mkoa mwingine. Alisoma, akanyanyua kichwa.

"Marehemu alifariki lini?"

"Marehemu yupi, mheshimiwa?"

"Mama yako."

Niligeuka. Mama alikuwa kwenye benchi la nyuma na gauni lake la kanisani, anamenya chungwa. Karani, mtu wa kwetu, akamtafsiria kwa Kiiraqw. Mama hakushtuka.

"Mwambie sijafa," alisema. "Nilikuwa nasubiri kuitwa."

Hata askari wa mlangoni alicheka. Kaka hakucheka. "Si niliwaambia?" alisema kwa sauti. "Wanamzika mapema ili wale vizuri."

Tulirudishwa. Baba mdogo aliona aibu sana, akaandika upya, na safari hii nilisoma kila mstari kabla hatujaondoka kwetu Dongobesh. Siku ya pili mahakamani hakimu hakuanza na mimi. Alianza na mama. Alimuuliza, kupitia kwa karani, angependa nani amsaidie. Mama alitutazama mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayechagua mbegu.

"Huyu ananipikia," alisema akinionyesha. "Yule ana haraka."

Nikateuliwa. Nilidhani nitapewa karatasi niende zangu. Badala yake nilisomewa masharti. Nisiuze shamba wala mfugo bila ruhusa ya mahakama. Kila mwaka nirudi kueleza nilichofanya na mali yake. Kaka apewe taarifa, na akiona kosa aje anipinge. Mama aulizwe kila siku anayoweza kujibu. Niliumia. Nilimwogesha mama kwa mikono yangu na hakuna aliyenituma, halafu leo nawekewa masharti kama mtuhumiwa.

Mwaka uliofuata mvua zilikatika mapema na mwanangu akapata nafasi ya chuo. Zizini kulikuwa na mtamba mmoja wa mama, mzuri. Nilijiambia kwamba mama angekuwa na akili zake angekubali. Nikaandika ombi la kumuuza. Njiani nilipanga maneno ya kusema kuhusu dawa za mama na paa lake.

"Ng'ombe huyu anauzwa kwa faida ya nani?" hakimu akauliza.

Maneno ya dawa yalikuwa tayari mdomoni. Hayakutoka.

"Ya mwanangu, mheshimiwa."

"Basi hauzwi. Asante kwa kusema kweli."

Kaka alikuwa ameitwa kusikiliza ombi, kama masharti yalivyotaka. Nje alinisubiri kwenye ngazi.

"Dada, karibu," alisema. "Kumbe na wewe una haraka."

Nilitaka kukasirika, nikacheka hadi machozi. Wiki ile ile alikuja na ng'ombe wake na plau, akalima shamba la mama lote, na mvua ziliporudi mavuno yakaingia ghalani kwa mama. Mwanangu alichelewa chuo mwaka mmoja. Alinilaumu, na ana haki. Lakini nikiulizwa nimefanya nini cha kujivunia katika maisha yangu, huwa nasimulia siku niliyokataliwa mtamba.

Mama alifariki mwaka jana, usingizini. Tulimzika Maretadu, pembeni ya shamba lake, maharage yakiwa yametoa maua. Watu walipoanza kutawanyika, jirani mmoja alimsogelea kaka akamuuliza shamba sasa ni la nani.

"Mpaka jana lilikuwa la mama," kaka alijibu. "Lote. Waulize mahakamani."

Nilikuwa nyuma yake nakung'uta udongo kwenye kitenge changu. Nilimwacha aseme yeye.