Kupumulia Mrija

Asubuhi ile, nyumbani kwetu Murusagamba, tulikuwa tunakamua ndizi za pombe. Mama mkwe wangu, Skolastika, alizivuruga kwa majani huku akinitania kwamba mikono yangu ni ya kushika kalamu tu. Juisi ilikuwa ndiyo kwanza inachuruzika tuliposikia bunduki ng'ambo ya mpaka, upande wa Burundi.

Jua lilipopanda, watu walikuwa wanapita katikati ya migomba yetu na magodoro vichwani. Mama mmoja kijana alisimama mlangoni mwa jiko, mtoto mchanga mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ukae."

Aliitwa Konsolata. Mumewe, Leonidasi, alikuwa amerudi nyuma kumchukua mama yake mzazi, wakapotezana.

Mtoto wake, Vestina, alilia kwa njaa. Matiti ya Konsolata yalikuwa yamejaa mpaka yanauma, lakini maziwa hayakutoka. Kila bunduki ilipolia, mabega yake yalipanda na pumzi ikawa fupi, kama ya kuku aliyekimbizwa. Ng'ombe hatukuwa naye, na zahanati ilikuwa mbali. Kufikia alasiri sauti ya mtoto ilikuwa imefifia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko bunduki.

Mama mkwe alichomoa mrija tunaonywea pombe kibuyuni, akaweka bakuli la maji mbele ya mgeni.

"Hofu ndiyo imeyashika maziwa yako. Tia mrija humo, kisha puliza taratibu."

Konsolata akautia mdomoni, akanyonya kwa nguvu. Maji yakamtokea puani.

"We mtoto! Nimesema upulize! Ingekuwa pombe, wazee wangelala na kiu!"

"Nisamehe, mama," alisema akikohoa. "Kwetu mrija ni wa kunyonya."

"Hata kwetu. Leo tunaugeuza."

Konsolata akacheka. Nasi tukacheka, mpaka machozi.

Niwaeleze alivyofundishwa, maana ni rahisi na yeyote anaweza. Unakaa, unaegemea ukuta, unaacha mabega yaanguke. Unavuta hewa kwa pua, polepole, mpaka tumbo liinuke. Kifua kiache kipumzike. Kisha unaitoa kupitia mrija, polepole zaidi ya ulivyoivuta. Mapovu yakitokota kama maharage, umeharakisha. Anza tena, hakuna kosa. Yakija moja moja, umepata. Akili ikikimbilia kwingine, irudishe kwenye mapovu bila kujigombeza. Usipoweza mara ya kwanza, usijali. Konsolata naye hakuweza.

Alikuwa ameanza kupata pale kishindo kikubwa kilipotikisa mabati.

Vumbi likatuangukia.

Nje mtu alipiga kelele.

Konsolata akashika mrija kwa meno. Macho yake yakamtoka.

"Mapovu," mama mkwe akanong'ona. "Tazama mapovu tu."

Povu likaja. Halafu jingine.

Mama mkwe akamweka Vestina kifuani pa Konsolata. Mtoto alivuta, akaacha, akavuta tena. Kisha nikasikia anameza.

"Haya!" mama mkwe akasema. "Huyu ndiye ameelewa mrija ni wa kunyonya!"

Konsolata alicheka na mrija mdomoni, maji yakaturukia sote.

Walikaa nasi mpaka njia ilipotulia, kisha wakaenda kambini. Huko, nasikia, alifundisha akina mama wenzake kwa mabua ya mtama, maana mirija haikuwepo.

Leonidasi hakuvuka mpaka. Miaka ilipita kabla ya mtu wa kwao kuja kumweleza Konsolata alivyouawa njiani, mama yake akiwa mgongoni. Hakuna namna ya kupumua inayorudisha mtu, na sitaki kumdanganya msomaji wangu. Siku ile tulipata maziwa ya mtoto mmoja, basi.

Vestina sasa anaishi Keza, ana shamba la mihogo na sauti inayosikika mpaka kwa jirani wa tatu. Mama yake humwambia apunguze kelele. Anapomwambia hivyo, huwa anatabasamu, na Vestina hajawahi kupunguza.