Maua Mlangoni kwa Mukendi

Ninaikumbuka Jumapili moja ya manyunyu, mwanangu, kwenye kiwanja kimoja cha Schaerbeek, hapahapa mjini, wakati mvi zangu hazijaota na mdomo wangu ukitangulia akili. Nakusimulia kwa sababu umekuja na habari kwamba wewe na wenzako mnaunda timu, na mnataka iwe ya "wana wa kwetu tu". Keti kwanza. Kahawa ipo, na usinikatize. Nikikatizwa hukasirika, mama yako anajua.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu, sisi vijana wa Lubumbashi tulikuwa na timu yetu hapa Brussels, nami nahodha. Mzee wetu alikuwa Papa Kalenga, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha magari kule Forest, bega kwa bega na Mhispania mmoja wa kaskazini, Mbaski. Mbaski yule alimwambukiza mapenzi ya klabu ya kwao, naye akatuambukiza sisi. Tukikaa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa mjini, baada ya mechi, alitusimulia: klabu kongwe, jezi ya mistari myekundu na myeupe, haijashuka daraja tangu ligi yao ianze, na hainunui wachezaji wa nje. Inacheza na watoto wa kwao, basi. Uwanjani ina sanamu ya mfungaji wao wa zamani aliyekufa kijana, na timu inayofika pale mara ya kwanza huweka maua chini yake, kuwasalimu wenye nyumba kabla ya kucheza nao.

Habari hizo zilitulewesha kuliko bia. Tukashona jezi za mistari. Nami nikasimama nikasema mcheza kwao hutunzwa, na sisi tuchague wa kwetu tu. Wenzangu wakapiga makofi.

Kipa wetu aliitwa Mukendi. Alizaliwa Lubumbashi, mtaa wa Katuba, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Akianza utani, hata refa alicheka. Ila wazazi wake asili yao Kasai, mkoa mwingine wa Kongo. Na kama hujui, uliza wakubwa wakueleze jinsi watu wa asili hiyo walivyofukuzwa kwetu, wakapakiwa kwenye mabehewa na masufuria yao. Mukendi alipanda treni ile akiwa mtoto. Mdogo wake alifia njiani. Alinisimulia mimi mwenyewe, na bado Jumapili ile nilimwendea akivaa glavu, nikamwambia timu imeamua, golini atakaa mwingine, maana yeye si wa kwetu hasa.

Hakunitukana. Alizivua glavu, akaniuliza, "Miye nilizaliwa Katuba. Sasa munanirudisha wapi tena?"

Nilimwambia mechi inaanza.

Papa Kalenga alikuwa amesikia. Akaja mpaka katikati ya kiwanja, kofia imelowa, akanishika mkono. "Bon. Mulikamata nusu ya mambo, nusu ingine mukatupa," akasema. "Ile ekipe ya mistari haiulizake papa yako ni kabila gani. Inauliza tu: nani alikukomalisha? Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Huyu Katuba ndiyo ilimulea. Enda umufuate, angali karibu."

Nilimwona Mukendi akielekea kituo cha tramu na begi lake. Mbio fupi tu zingenifikisha. Lakini wenzangu walikuwa wananitazama, nami nahodha mzima nikaona aibu kumkimbilia mtu. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu halikuvunjika, ndiyo maana nikachelewa kujifunza. Siku ile tulishinda. Papa Kalenga hakuja tena uwanjani, na tulimzika kabla sijamwomba radhi.

Timu nayo ikafa kwa magomvi. Ukianza kuchuja watu huishii kwa mmoja: baada ya Mukendi tuliulizana nani wa mjini na nani wa shamba. Miaka ikapita. Siku moja nimekaa baa ya Matonge, televisheni inaonyesha ile klabu ya mistari, nikaona kijana mweusi, wazazi wake wametoka Afrika, yeye kazaliwa na kulelewa kulekule, anafunga bao na uwanja mzima unasimama kwa ajili yake. Wenzangu walishangilia. Mimi nililia, mwanangu, na wala sikujificha.

Niliulizia mpaka nikaelekezwa kwa Mukendi, kule Forest. Nikanunua maua, kwa kuwa mgeni anayefika mara ya kwanza huweka maua. Alifungua mwenyewe, kichwa kimeingia mvi, mikono ileile mipana. Nikamwamkia kwa Kiswahili cha Katuba, nikamwita ndugu yangu. Akaniambia kwa Kifaransa, kwa adabu kabisa, kwamba anasikitika, hajui Kiswahili. Nyuma yake mtoto akamwuliza, kwa Kifaransa vilevile, ni nani huyo. Akamjibu kwamba si mtu. Akaufunga mlango polepole. Niliyaweka maua kizingitini, kama mtu aliyefika kaburini, nikarudi kupanda tramu.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiazima desturi ya watu, iazime nzima. Penda kwenu, vaa rangi za kwenu, lakini mtu usimpime kwa kabila la baba yake. Uliza vumbi la wapi lilimchafua miguu, na alipoumia utotoni alilia kwa lugha gani. Na ukimkosea, mkimbilie angali kwenye njia ya kituoni, wenzako wakutazame mpaka wachoke. Maji yakimwagika hayazoleki, nami nimeinama kuyazoa miaka yote hii.

Nenda sasa kwa wenzako. Mungu awape timu ya vicheko, akuepushe na aibu ile ya nahodha, na kila mlango utakaobisha uzeeni ufunguliwe na mtu anayekuita kwa jina lako.