Vigauni Kumi na Viwili vya Mkasi

Kazi yangu mimi ni kutengeneza redio, na kwa miaka kumi na tisa ukuta wangu wa kushoto ulikuwa wa wanawake wawili. Mmoja alikata, mwenzake akashona. Aliyekata tulimwita Mkasi. Aliyeshona tulimwita Pindo, kwa sababu ukimpelekea suruali aipunguze alikufokea kwanza juu ya pindo baya la fundi wa mwanzo. Mkasi hakujua kushona hata kifungo, na Pindo hakuthubutu kupitisha mkasi kwenye kitambaa cha mtu. Walikaa wamepeana migongo, meza huku, cherehani kule, kazi ikipita baina yao bila maneno.

Maneno Mkasi aliyamalizia mlangoni. Alijua nani anaumwa mgongo, nani kaachwa, mtoto wa nani kafeli. Mabaki ya vitambaa hakuyatupa. Kila wiki aliyakata vigauni kumi na viwili vya watoto wachanga, Pindo akavishona, kisha Mkasi akavipeleka hospitali kwa akina mama wanaojifungua bila hata kitambaa cha kumfunikia mtoto. "Akiba yangu naiweka kwa watu," alikuwa akisema. Pindo aliguna tu. Hakuwa na ugomvi na mtu, ila hakuwa na mtu. Marafiki wote wa chumba kile walikuwa wa Mkasi, na Pindo aliota moto humo humo bila kuchangia kuni.

Jumatatu moja mgongo ulimkaza Pindo. Mkasi alipomwekea kifurushi cha vigauni, alikisukuma. Nilisikia, maana ukuta wenyewe ni mbao.

"Shona mwenyewe. Mimi nimechoka na wema wako."

"Haya, mwenzangu," alisema Mkasi, akakirudisha kifurushi chini ya meza yake.

Siku nne walifanya kazi bila kusemeshana. Ya tano Mkasi hakuja. Presha ilimwangusha nyumbani kwake wakati anafunga viatu.

Wiki mbili baada ya mazishi Pindo alisimama mbele ya meza yangu, uzi ukimning'inia mdomoni.

"Fundi, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Anakata."

Nikamtania kwamba chuma pekee kisichoisha makali mtaani hapa ni ulimi wake. Hakucheka. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa barabarani. Kesho yake ikawa vile vile, na kesho kutwa. Aliniambia sauti ni ya mtu akataye kitambaa kizito bila haraka, na ikifika mwisho wa meza hunyamaza, kama inasubiri jibu. Akageuza kiti aitazame meza. Lakini ukikaa hivyo mwanga unakuwa mgongoni na huoni sindano, kwa hiyo kazi ikaharibika na wateja wakapungua. Hakuna aliyeingia kumpa pole, mimi nikiwemo, nasema kweli na naona haya. Siku moja niliizima redio ya mteja saa nne kasoro nisikilize. Nikaiwasha haraka kabla sijasikia chochote.

Mwezi wa tatu baada ya msiba alikuja amekonda.

"Nafunga chumba. Akikata tena kesho, cherehani namwachia atakayeitaka. Siwezi kukaa na mtu aliyekufa ananisubiri nimjibu."

"Kile kifurushi kiko wapi?"

"Chini ya meza yake. Sijakigusa."

"Kimalize kwanza. Kufunga hakukukimbii."

Alikivuta kwa mguu, akakifungua mbele yangu. Vigauni kumi na kimoja vilikuwa vipande tu. Kimoja kilikuwa kimeshonwa, tena ovyo, mshono unapanda na kushuka, mkono mmoja umegeuzwa ndani nje. Pindo alisonya, kwa mara ya kwanza tangu msiba, nami nikafurahi kumsikia. "Nani huyu kaharibu kazi ya mwenzangu?" Akachukua wembe, akafumua mshono wote, akakung'uta nyuzi mlangoni na upepo ukazichukua. Kisha akashona vyote, mishono imenyooka, akaniomba nimsindikize hospitali. Kule yeye hakumjua mtu.

Aliyevipokea alikuwa mama wa kufulia mashuka, vidole vimekunjamana kwa maji. Tulimkuta uani anaanika. Pindo alipojitambulisha, mama yule alimkumbatia shuka likiwa bado mkononi.

"Kumbe wewe ndiye, dada. Mwenzako alikusifu hapa mpaka tukakuonea wivu."

Pindo akayatoa ya moyoni papo hapo, amesimama, shuka linamlowesha bega. "Nilimwambia nimechoka na wema wake. Ndilo neno la mwisho alilosikia kwangu."

"Najua, alinieleza. Alisema, nimemchosha mwenzangu, miaka yote nilimbebesha mzigo nikidhani tunabeba wote." Mama wa kufulia alianza kuvipekua vigauni. "Akaja kwangu jioni tatu mfululizo. Nina cherehani ya mkono nyumbani. Alitaka ajifunze kushona, akuletee vimekwisha, wewe upumzike. Akamaliza kimoja. Kibaya, dada, kibaya kabisa. Alisema ukikiona utasonya, halafu mtapatana. Mbona sikioni?"

Pindo aliketi juu ya beseni lililopinduliwa, vigauni mapajani, akawa anavipitisha kimoja kimoja karibu na macho, anatafuta matundu ya sindano ya kwanza. Vyote vilifanana. Alikuwa fundi mzuri mno.

Mama wa kufulia alielewa bila kuambiwa. Akaketi chini, kwenye sakafu yenye maji, karibu na magoti yake.

"Wiki ijayo utatuletea vingine?"

"Sijui kukata."

"Naye hakujua kushona."

Hapo ndipo Pindo alipolia, kwa sauti, mpaka manesi wakachungulia dirishani. Mama yule hakumnyamazisha. Alikaa naye pale pale, na mimi nikamalizia kuanika mashuka.