Nyamvula na juisi asiyoionja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nyamvula Nzai anaosha mchicha kwa maji ya tatu, na jirani yake anamwangalia mikono.

"Shikamoo, baba," anaamkia bila kuinuka kwenye kigoda.

"Marahaba," anajibu Mzee Kaviha kutoka upande wa pili wa ukuta mfupi. Kisha haondoki.

Hapa ni Mjambere, Kisauni, uani kwa mama anayeuza juisi ya majani mabichi. Mchicha konzi moja, majani mawili ya sukuma wiki yaliyotolewa uti, nusu tango, tangawizi na ndimu. Blenda ikishanguruma, Nyamvula anaumimina mchanganyiko kwenye kifumbu, kilekile cha kukamulia tui, na kukikamua kwa mikono miwili.

Kinachotoka ni kijani mno. Mwandishi wa makala haya hakukiamini.

"Hakuna rangi hapo," anasema Nyamvula kabla hajaulizwa. "Nusa. Kagua hata jaa."

Jaa lilikaguliwa. Kulikuwa na makapi na maganda ya tango, basi. Lakini mtu anayejibu kabla ya kuulizwa huzidisha maswali.

Nyamvula ana miaka arubaini na mitatu na watoto watatu. Alifanya kazi jikoni mwa hoteli kwa miaka tisa, akiwatengenezea wageni juisi hii hii, mpaka walipokataa kumwongezea mkataba. Mumewe ni kibarua bandarini, na si kila siku anapata zamu. Kwa hiyo miaka miwili iliyopita Nyamvula alinunua blenda ya mtumba, akaanza kuuza nyumbani.

Mwaka jana alikuwa akiuza chupa arubaini kwa siku, kila moja shilingi themanini. Karo ya watoto ilitoka humo. Wiki tuliyomtembelea, alikuwa akiuza kumi na moja kwa siku.

Ukiuliza sababu, vidole vyote vinaelekea ukutani.

"Mimi sisemi uongo," anasema Mzee Kaviha, mstaafu wa miaka sabini na moja. "Mara tatu nimekwenda na pesa yangu mkononi. Mara tatu ananiambia imekwisha, na chupa naziona kwenye ndoo ya barafu. Kwa nini mimi tu?"

Ana la pili, na hilo ndilo zito. "Kwetu, anayekupa kinywaji huanza yeye. Hata tembo la mnazi, mwenyewe hunywa funda la kwanza, ujue hakuna sumu. Nikamwambia, mwanangu, onja. Akasema hawezi. Hawezi nini? Au ametia kisamvu kibichi?"

Kisamvu kibichi, kila mtu Pwani anajua, si cha kunywa: majani ya muhogo yasiyopikwa yana sumu. Neno hilo lilizunguka Mjambere yote kabla ya adhuhuri, likafika mpaka Magogoni.

Nduku, mfanyakazi wa kiwanda na mmoja wa wateja wa kwanza, anakiri lilimwingia. "Huko kwetu Machakos hatuna mambo ya kuonja kwanza. Mimi nilikuwa nakunywa tu, fiti kabisa. Lakini waliposema, nikaanza kumwangalia mdomo. Kweli, sijawahi kumwona akinywa. Hata tone."

Basi mwandishi akamuuliza Nyamvula waziwazi: mbona huonji?

"Tumbo langu halitaki," alisema, akikamua kifumbu kilichokwisha kukauka. Kisha akaongeza, "Halafu leo nimefunga." Kikombe chake cha chai kilikuwa palepale miguuni, nusu.

Majibu mawili kwa swali moja. Mwandishi alifunga daftari, akiwa karibu kuamini habari ya kisamvu, na akaaga. Hapo ndipo Nyamvula alipoingia ndani na kurudi na kitabu cha kliniki na pakiti ya vidonge.

Damu yake iliganda mguuni miaka mitatu iliyopita. Anameza dawa ya kuizuia isigande tena, na daktari amemwonya kwamba majani mabichi kwa wingi hushindana na dawa hiyo. Tarehe za kitabuni zilikaguliwa pia. Zilikuwa sawa.

"Kila mteja anataka nionje mbele yake," anasema. "Wateja arubaini, mafunda arubaini. Si nitakuwa nimejimaliza?"

Na mbona hakusema? "Hoteli walipojua naumwa, mkataba ukaisha. Nikisema hapa, watacheka: mganga hajigangi. Nani atanunua afya kwa mgonjwa?"

Na Mzee Kaviha, mbona anamnyima?

"Huyo usiniulize," alijibu haraka.

Lakini mzee alikuwa bado ukutani, akiwa amesikia yote. "Muulize!" alisema. "Nami nasikiliza."

 Nyamvula akasogea ukutani na kumwonyesha pakiti ile. "Baba, mkeo alipolazwa nilikuletea uji. Niliona vidonge vyako dirishani."

Mzee aliitazama pakiti. Akaingia kwake, akatoka na ya kwake. Jina lilikuwa lilelile, na rangi ileile.

"Ungeniambia," alisema, sauti imeshuka.

"Ningekuambiaje nazijua bila kusema nazimeza? Na wewe ukishajua, baba, Mjambere yote ishajua."

Mzee hakukana.

Kuanzia Jumatatu, Nyamvula amepanga kumuuliza kila mteja anatumia dawa gani kabla ya kummiminia, na mwenye shaka aende kwanza kwa daktari. Mumewe ndiye atakayeonja. "Hapendi majani, anasema yeye si mbuzi," anasema Nyamvula. "Ataonja." Anataka kufikia tena chupa arubaini kabla shule hazijafunguliwa.

"Dawa zangu nitazitangaza mwenyewe," alimwambia mwandishi. "Za mzee usiandike. Hizo ni zake."

Mwandishi alikubali, akaanza kukata mistari yote iliyomhusu mzee. Lakini Mzee Kaviha, aliyekuwa akiiona kalamu, alinyoosha mkono juu ya ukuta kuizuia.

"Iache," alisema. "Nilimharibia jina mlango kwa mlango, na kila mlango nilisema ni mimi Kaviha ninayesema. Na hapo niandike kwa jina langu."