Ndege ya jardini na koti ya bwana yangu

Bwana yangu alikuwa mupiga picha hapa Bunia, wakati inchi ilikuwa inaitwa Zaire. Siku ya Mungu, kisha misa, watu walikuwa wanakuja ku jardini ya muji kusimama karibu na maua, yeye anawapiga picha. Mimi nilijifunza kwake. Shule sikusoma sana, lakini macho niko nayo.

Filimu haiendi kusafishwa mbele ya kuisha. Watu wakipungua na picha mbili tatu zimebakia, njo mimi nilikuwa nazimaliza na ndege. Sikuomba ruhusa. Majirani wa mutaa wetu, Rwambuzi, walikuwa wanacheka, eti ndege hawatakuja kununua picha yao. Acha wacheke. Ndege yenye kuimba si bibi arusi, huiambii simama sawa. Unakaa chini, unanyamaza, sisimizi wanakuuma, unawaacha.

Bwana yangu alipokufa, shemeji yangu mukubwa wa kijiji ya Marabo alianza kusema aparei ya kupiga picha ni kitu ya wanaume wa familia. Kwetu, vitu vya marehemu vinabakia na mujane mpaka siku ya kutoa matanga, kilio kikiisha. Siku hiyo njo muzee wa familia anagawa, na mbele ya hapo hata nguo hakuna ndugu mwenye anavaa. Yeye hakungojea. Alinifuata ku jardini Siku ya Mungu, watu wamejaa.

Nilikuwa nimepiga magoti. Ndege mudogo ya kifua cha rangi ya chungwa ilikuwa inaimba ku tawi ya chini. Shemeji akaanza nyuma yangu: mujane anapaswa kukaa nyumbani, mujane hamalizi mali ya marehemu juu ya ndege. Sikugeuka.

"Shemeji, nyamaza kwanza. Unanifukuzia ndege."

Watu wakacheka. Kasirani ikamupanda, akazunguka mpaka ngambo ya ile tawi, akainua mukono kusudi ndege iruke.

"Leta aparei, weye mwanamuke."

Ndege ikabakia. Nikafinya kifungo.

Picha ilipotoka, ndege ilikuwa mbele, mudomo wazi. Nyuma yake shemeji, naye mudomo wazi, amevaa koti ya kahawia ya bwana yangu. Kiraka ya ku kiwiko nilishona mimi mwenyewe. Koti yenye ilikuwa haijagawiwa.

Sikulia, sikubembeleza mutu. Nilipanda kamyo mpaka Marabo, nikaweka picha ku mikono ya baba mukwe. Muzee akaiangalia, akaita shemeji.

"Hii koti nani alikupa?" akauliza mutoto wake.

Siku ya kutoa matanga, muzee alimupa shemeji redio, na koti pia, juu ilikuwa imekwisha kuvaliwa. Juu ya aparei alisema tu ibakie kwenye iko.

Ilikuwa ku shingo yangu. Nilikuja nayo, na nilikuwa nimeamua kurudia nayo Bunia, hata muzee angesema ingine.