Ndoo ya Bwana Miche

Kwenye bustani ya miche ya misitu, ambako nilikuwa mtunza stoo, mzee aliyegawa miche sote tulimwita Bwana Miche. Alikuwa na ndoo moja ya bati. Kabla ya kumkabidhi mtu mche wa msonobari, aliuchovya mizizi katika maji ya ndoo hiyo, akaukung'uta mara mbili, kisha akaandika daftarini: tarehe, tuta, shamba unakokwenda. Maji aliyabadilisha kila jioni. Miaka kumi na tisa hakuruka siku.

"Mche ukisafiri na kiu unakununia hadi uzeeni," alikuwa akisema.

Kisha misonobari mashambani ikaanza kukauka vilele na kuvuja utomvu shinani. Watafiti walikuja, wakachukua vipande vya magome na udongo wa matuta yetu, wakasema ni kuvu. Bwana Miche alishikilia kwamba imeletwa na malori ya mbao. Alikuwa na sababu ya kuombea iwe hivyo. Dada yake alikuwa na shamba la misonobari ya miaka kumi na minne, miche aliyomchagulia yeye mwenyewe. Kama ni malori, ingekatwa miti iliyougua tu. Kama ugonjwa ulikuja na miche, ingekatwa yote.

Akawapa watafiti madaftari yote.

"Someni. Humu hakuna mche uliopotea."

Baada ya miezi saba mtafiti mkuu, mwanamke mpole, alirudi.

"Baba, tumesoma vinasaba vya kuvu ya kila shamba, mwanzo hadi mwisho, tukavilinganisha. Mashamba kumi na moja, kuvu ni ya ukoo mmoja. Na ukoo huo uko hapa, kwenye tuta lako la tisa."

"Na malori?"

"Mashamba manne kati ya hayo hayajawahi kuona lori. Miche yako ilifika yote kumi na moja. Umeiandika mwenyewe, ilitoka siku moja." Akaitazama ndoo. "Mche mmoja mgonjwa ukiingia humo, inayofuata yote inakunywa maji yake."

Dereva wa lori, aliyekuwa akisubiri mzigo, alicheka. "Mzee, miaka miwili unanitukana! Leo gari langu limetakata bila sabuni."

"Bila madaftari yako tusingejua," mtafiti alisema, akidhani anamliwaza.

"Ningekuwa mvivu wa kuandika," Bwana Miche akajibu, "dada yangu angebaki na miti."

Siku ya kukata alikwenda na msumeno wake, kitambaa na chupa ya spiriti. Kila mti ulipoanguka aliufuta msumeno, meno yote, pande zote mbili. Dada yake alikuwa ameketi juu ya kisiki.

"Kaka, unafuta nini? Huo unaofuata si wa kukatwa vilevile?"

"Ndivyo nilivyozoea. Chombo lazima kiwe safi."

"Ungeizoea hiyo spiriti siku ile ya ndoo."

Bwana Miche alilowesha kitambaa, akafuta, akausogelea mti uliofuata.